Janti za F-250 ya 2012 kwenye F-250 ya 2001: zitakaa bila adapta?

Msafiri wa Kasenga (Lubumbashi) anauliza:

Ndugu na wakubwa zangu, nawasalimu nyote. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha, kwa sababu watu watatu wamenipa majibu matatu yanayopingana.

Nina pikapu ya Ford F-250 Super Duty ya mwaka 2001, yenye injini ya dizeli ya lita 7.3, inayovuta kwa magurudumu manne, na nyuma ina gurudumu moja kila upande, si mapacha. Niliinunua kwa mkandarasi aliyekuwa akiitumia kwenye kazi za migodi upande wa Kolwezi. Bado ina janti zake za asili za chuma za inchi 16, na matairi ni LT265/75R16. Janti mbili zimepinda, na kila ninaporudi na mzigo wa mahindi kutoka upande wa Kasenga usukani hutetemeka hata baada ya kusawazisha. Nimetafuta matairi ya inchi 16 yenye uwezo wa kweli wa kubeba, lakini mengi ninayoonyeshwa sokoni ni ya pikapu ndogo, na siyaamini chini ya mzigo wangu.

Sasa kuna mtu huko Kampemba anauza janti nne za alumini za inchi 18, zilizotolewa kwenye F-250 ya 2012 iliyopata ajali, zikiwa na matairi yake ya LT275/70R18. Anasema pia kwamba ataniongezea tairi la tano, lenye janti nyeusi ya chuma, kama akiba. Yeye anasisitiza kwamba matundu nane ni matundu nane, nami sina haja ya kuuliza zaidi. Fundi wa mtaani kwetu anasema haiwezekani kwa sababu Ford ilibadilisha breki mwaka 2005. Mwingine anasema itawezekana nikiweka spesa (bamba la chuma linalokaa kati ya gari na janti). Je, ukweli ni upi? Nati zangu zitafaa? Matairi hayo makubwa hayatagusa madigadi au springi nikiwa nimepakia? Na janti za alumini zitastahimili barabara zetu za udongo mwekundu?

Fundi wa Kamalondo anajibu:

Ndugu Msafiri, janti hizo nne zitakaa, lakini kuna masharti, na naomba uyasome yote kabla hujarudi Kampemba.

Ford ilipoleta Super Duty kwa modeli ya mwaka 1999, iliacha mpangilio wake wa zamani wa boliti nane kwenye duara la milimita 165.1 (kipenyo cha duara linalopita katikati ya boliti), ikachukua duara la milimita 170. Kwa pikapu zenye gurudumu moja moja nyuma, duara hilo halijabadilika tangu wakati huo, na tundu la katikati limebaki takriban milimita 125. Hiyo ndiyo sababu janti ya 2012 hukaa kwenye kitovu (sehemu ambayo gurudumu hufungwa) cha gari la 2001 bila adapta na bila spesa yoyote. Fundi wenu aliyetaja breki za 2005 amesema jambo la kweli, ila linahusu safari ya upande mwingine: mwaka huo diski za breki na kalipa (kifaa kinachobana diski) zilifanywa kubwa zaidi, na tangu hapo janti ya inchi 16 haiwezi kupanda kwenye gari jipya kwa sababu hugonga kalipa. Wewe unaweka janti kubwa juu ya breki ndogo, kwa hiyo nafasi unayo. Angekuwa anauliza mwenye mapacha nyuma, ningemkataza, kwa kuwa magari hayo yalihamia duara la milimita 200 mwaka huohuo wa 2005 na hayabadilishani kabisa na ya zamani.

Nati ndizo zinazoharibu kazi hii mara nyingi. Boliti za gari lako la 2001 ni za milimita 14 zenye hatua ya uzi (umbali kati ya jino moja la uzi na linalofuata) ya milimita 2.0, lakini kuanzia takriban 2003 Ford ilihamia hatua ya milimita 1.5. Muuzaji akikupa nati za gari la 2012, zitaingia kwenye boliti zako mzunguko mmoja au miwili kisha zitakwama, na kijana mwenye bunduki ya upepo atadhani ni kutu tu, atalazimisha, na uzi wa boliti utakwisha hapohapo. Tumia nati za gari lako. Lakini usiamini mwaka ulioandikwa kwenye karatasi peke yake, kwani gari lililopita mikononi mwa wengi huenda limebadilishwa boliti njiani. Weka rula ya chuma juu ya uzi na uhesabu hatua kumi: zikichukua milimita 20 ni uzi wa zamani, zikichukua milimita 15 ni uzi mpya. Boliti zote nane za kila kitovu zipimwe, maana nimewahi kuona kitovu kimoja chenye uzi wa aina mbili.

Nati za asili za Super Duty zina washa bapa inayozunguka yenyewe, na hukaa kwenye uso bapa wa janti. Zile nati zenye kichwa cha koni zinazouzwa kila duka hazina mahali pa kukaa kwenye janti hizi. Zitagusa ukingo wa tundu tu, zitaonekana zimekaza, na baada ya kilomita chache za matuta zitalegea.

Kabla ya kufunga, safisha kwa brashi ya waya uso wa kitovu na uso wa nyuma wa janti mpaka chuma kionekane. Janti hizi hubebwa na kitovu chenyewe, na boliti kazi yake ni kuibana tu. Kutu au rangi nene katikati ikishapondeka huacha upenyo, na nati zinakuwa hazina mkazo tena. Kaza kwa mpangilio wa msalaba, kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Kwa boliti hizi za milimita 14 Ford hutaja pauni-futi 165, yaani karibu nyutoni-mita 224. Kupanda juu ya bomba refu na kuruka si kukaza.

Kuhusu hilo tairi la tano, mimi silitazami kama zawadi mpaka limepimwa. Pikapu nzito za Dodge na Ram zenye gurudumu moja moja zinatumia boliti nane kwenye duara la milimita 165.1, vivyo hivyo Chevrolet na GMC za kubeba mzigo mpaka 2010, kabla hazijahamia milimita 180 kwa modeli za 2011. Kati ya 165.1 na 170 tofauti ni chini ya milimita 5 kwenye duara zima, na kwa kila tundu ni chini ya milimita mbili na nusu. Jicho haliioni. Usipime kutoka tundu moja hadi jirani yake, maana hapo tofauti haifiki hata milimita mbili; pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu linalolikabili upande wa pili, kisha pima tundu kubwa la katikati. Nyuma ya janti ya Ford utakuta namba ya sehemu yenye 1007 katikati, ambayo ndiyo namba Ford inayotumia kwa janti, na herufi za mwanzo zinaonyesha kizazi: 5C34 ni ya 2005, BC34 ni ya 2011. Tafuta namba hiyo kwenye kila moja, si kwenye ya kwanza tu.

Mama Usafirishaji (Likasi) anajibu:

Kaka Msafiri, Fundi amemaliza upande wa vyuma, nami niongeze upande wa mzigo na urefu wa tairi, kwa sababu huko ndiko fedha zetu za usafirishaji zinakopotea bila kelele.

Tairi lako la LT265/75R16 lina kimo cha takriban milimita 804. LT275/70R18 lina takriban milimita 842. Maana yake gari litapanda milimita 19 tu kutoka chini, jambo zuri kwenye madimbwi ya Januari, lakini kila mzunguko wa gurudumu utakupeleka mbali zaidi kwa karibu asilimia 5. Kipimo cha mwendo kikionyesha 80, wewe utakuwa unakwenda karibu 84. Kipimo cha kilomita nacho kitahesabu pungufu, na anayepanga kubadilisha oili kwa kilomita atachelewa bila kujua. Kompyuta ya gari hilo inaweza kupangwa upya na fundi mwenye kifaa cha uchunguzi, na ningekushauri ufanye hivyo mapema.

Mvuto pia utapungua kwa kiasi hichohicho. Ikiwa difu zako ni za uwiano wa 3.73, ambazo ni za kawaida kwa gari hilo, utahisi kama una difu za 3.56. Injini ya 7.3 ina nguvu ya chini ya kutosha kuvumilia hilo, lakini ukipanda mlima na mzigo uwahi kushuka gia kuliko ulivyozoea, ili gia boksi isichemke.

Kwa upande wa uzito umepata faida ya kweli. LT265/75R16 ya kundi E (daraja la uwezo wa kubeba) huandikwa 123, yaani kilo 1550 kwa tairi moja, na LT275/70R18 ya kundi E huandikwa 125, yaani kilo 1650. Lakini uwezo huo unapatikana kwa upepo kamili wa psi 80, na namba ya 125 lazima uione kwa macho yako ubavuni mwa tairi, kwa kuwa saizi hiyohiyo hutengenezwa pia kwa makundi mepesi. Halafu mtu asidhani kwamba tairi likibeba zaidi basi gari linabeba zaidi. F-250 ya miaka ile iliandikiwa uzito wote wa pauni 8,800, karibu kilo 3,990, pamoja na gari lenyewe, mafuta na watu. Fremu, springi na beringi havijabadilika kwa sababu umeweka janti mpya. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva kama bado ipo.

Tazama pia umri wa matairi hayo. Mwishoni mwa maandishi ya DOT yaliyo ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 1519 maana yake wiki ya 15 ya mwaka 2019. Gari la ajali linaweza kuwa limekaa juani muda mrefu, na tairi lenye meno mazuri likawa na nyuzi zilizokauka. Kwenye barabara ya Kasumbalesa, katikati ya malori ya shaba, tairi la mbele likipasuka hakuna mahali pa kukimbilia.

Swali lako la alumini nalijibu kwa kifupi. Chuma hupinda na kinaweza kunyooshwa. Alumini hupasuka, na ikishapasuka kwenye uso wa boliti au kwenye ukingo, isichomelewe kwa matumizi ya mzigo. Kwa kuwa janti hizo zimetoka kwenye ajali, zivuliwe matairi kabla ya kulipa, zioshwe, na ukingo wa ndani utazamwe mzingo wote, kwani ndio unaopokea pigo na ndio usioonekana gari likiwa limesimama.

Mkazi wa Ibanda (Bukavu) anajibu:

Nasoma kwa makini, ingawa huku kwetu pikapu nzito karibu zote ni Land Cruiser. Naomba kuongeza jambo kwa wasomaji wenye gari hizo, kwa sababu wengi hushawishika na habari ya Ford na kudhani kila janti mpya huingia kwenye gari la zamani.

Land Cruiser 75 ina boliti sita kwenye duara la milimita 139.7. Ilipokuja 79 mwishoni mwa 1999, ikawa na boliti tano kwenye duara la milimita 150, na boliti zikanenepa kutoka milimita 12 hadi 14. Kwa hiyo janti ya 79 haiendi kwenye 75. Wapo wanaoona kwamba Land Cruiser 300, iliyotoka 2021, imerudi kwenye boliti sita na duara lilelile la 139.7, wakafurahi, lakini tundu lake la katikati ni la milimita 95 tu, na kitovu cha 75 ni kinene kuliko milimita 100. Haiingii, na kuichonga ni kuondoa chuma mahali ambapo gari zima linaegemea.

Mwenye 79 anayetamani janti za Land Cruiser 200 atakuta boliti tano, duara 150, kila kitu kinalingana, na bado tairi linakaa ndani mno. Janti za 200 zina ofseti ya +60, yaani uso unaofungwa kwenye kitovu uko milimita 60 nje ya mstari wa katikati ya janti, na 79 haikutengenezwa kwa ofseti kubwa namna hiyo. Tairi hukaribia springi na tairodi (fito za usukani), na nyuma hali ni mbaya zaidi kwa kuwa kwenye matoleo yaliyoanza 2007 magurudumu ya nyuma yamesogea ndani kuliko ya mbele kwa karibu sentimita 10 kwa jumla. Ndipo watu huweka spesa, na barabara ya Ngomo ina makona na mawe ya kutosha kupima kila spesa iliyonunuliwa kwa bei rahisi.

Kwa hiyo hata ndugu wa Ford apime ofseti. Ilaze janti kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wa nyuma, pima kutoka ubaoni hadi uso unaogusa kitovu, kisha toa nusu ya upana wote wa janti. Janti ya inchi 8 ina upana wote wa takriban milimita 228 pamoja na kingo zake, kwa hiyo nusu ni 114. Ukipata kina cha 154, ofseti ni +40. Fanya hivyo kwa janti ya zamani na mpya, na utajua tairi litasogea ndani au nje kwa kiasi gani kabla hujainua gari. Kwa boliti tano hakuna tundu linalokabili jingine, kwa hiyo pima kati ya matundu mawili jirani: ukipata milimita 88 na kidogo, duara ni 150.

Msafiri wa Kasenga anarudi:

Wakubwa zangu, nawashukuru kwa moyo wote. Nimekwenda Kampemba na rula ya chuma, ubao na tochi, na muuzaji amekubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba matairi yavuliwe.

Janti nne za alumini zote zina namba inayoanza na BC34, duara ni 170, na tundu la katikati limeonyesha 125. Tatu ni safi. Ya nne ina mkwaruzo mrefu kwenye ukingo wa ndani lakini sikuona ufa hata baada ya kuiosha kwa petroli. Matairi yameandikwa 125 na kundi E. Boliti zangu hatua kumi zimechukua milimita 20 kwenye vitovu vyote vinne, na nati alizokuwa amenitayarishia muuzaji hazikupita mzunguko wa pili, kwa hiyo nimezirudisha.

Lile tairi la akiba la janti nyeusi limenishangaza. Halina namba ya Ford popote. Kutoka tundu hadi tundu nimepata 165, na tundu la katikati ni 121. Muuzaji anasema fundi wake anaweza kulichonga kidogo. Nimejaribu pia janti moja ya alumini mbele kushoto, nikageuza usukani pande zote mpaka mwisho, gari likiwa tupu, haikugusa kitu. Je, niendelee? Na kama nikikataa hilo jeusi, naweza kubaki na janti yangu moja nzima ya inchi 16 kama akiba?

Fundi wa Kamalondo anajibu:

Hilo jeusi ni la Dodge au Ram. 165 na 121 ndivyo vipimo vyake. Kitovu chako kina karibu milimita 125, kwa hiyo hata lisingefika kwenye boliti. Kulichonga katikati na kutanua matundu manane ni kutengeneza janti isiyoshikwa na chochote isipokuwa msuguano wa nati. Likatae, na uombe bei ipunguzwe kwa sababu ya janti yenye mkwaruzo.

Hiyo yenye mkwaruzo izungushwe kwenye mashine ya kusawazisha bila tairi, na utazame ukingo wa ndani kama unayumba. Kisha paka dawa ya kuonyesha nyufa ukiipata. Usipoipata, changanya mafuta ya taa na oili kidogo, paka, acha yaingie, futa kabisa, nyunyiza unga wa chaki, na subiri. Kama kuna ufa, mafuta yatatoka na kuchora mstari. Ikipita, ifunge nyuma, si mbele. Vali nazo zitazamwe: huenda kwa ndani zina kihisi cha upepo ambacho gari lako la 2001 haliwezi kukisoma. Hakina madhara, lakini mtu wa matairi aambiwe ili asikivunje kwa chuma chake na vipande vikabaki ndani.

Jaribio la usukani lirudie gari likiwa limepakia, gurudumu moja la mbele likiwa juu ya jiwe au tuta, kwa sababu hapo ndipo springi hujikunja na tairi hulifuata madigadi.

Janti yako ya 16 inaweza kuwa akiba, lakini tairi lake ni fupi kwa karibu milimita 38. Likikupata tatizo nyuma, hamisha gurudumu zima la mbele liende nyuma, kisha weka la akiba mbele, ili matairi mawili ya difu ya nyuma yabaki na kimo kimoja. Acha vitovu vya mbele vikiwa huru, usiingize mvuto wa magurudumu manne, na nenda polepole mpaka mahali pa kuziba. Janti ya tano ya inchi 18 itafute taratibu. Zinaonekana mara kwa mara kwa wanaovunja magari njia ya Kasumbalesa.

Ukimaliza kufunga, endesha mjini bila mzigo, rudi, na ukaze nati zote tena kwa kipimo kilekile kabla ya kilomita 160. Baada ya safari ya kwanza ya Kasenga, kaza mara nyingine, janti zikiwa zimepoa.